Baba Anarudisha Vyuma Ninavyovitoa

Naomba ukurasa huu unifichie jina, maana kanisani kwetu wengi wanausoma, na kaka yangu ndiye wa kwanza.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Likasi, mji wa migodi. Naishi Brussels, huku Berchem-Sainte-Agathe, mimi na baba yangu mzee. Sijaolewa. Kazi yangu ni ufundi wa pikipiki, na msianze kunicheka, nimeshachekwa na mabingwa kuliko ninyi. Ufundi nilifundishwa na baba. Alikuwa fundi wa mashine mgodini miaka mingi, akanilea kwenye grisi kama wenzangu walivyolelewa jikoni. Mama alifariki tukiwa tumeshafika huku, na tangu hapo tumebaki sisi wawili ndani ya nyumba.

Mwaka jana mteja mmoja Mbelgiji aliniletea pikipiki ya theluji. Kwa wasioijua, mbele haina gurudumu, ina skii mbili, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaochimba theluji. Brussels haina kazi nayo, ila yeye kila baridi huipeleka milimani Sweden. Ilikuwa ya zamani na nzito, ikipanda mlima inazama. Akataka niipunguzie uzito na kuiongezea nguvu. Nilifurahi, jamani. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza mwenyewe, bila bosi.

Mchana nilikuwa kazini, jioni nashuka gereji iliyo chini ya nyumba yetu. Nikatoa kiti cha watu wawili nikaweka kifupi. Nikatoa betri na mota ya kuwashia, ibaki ya kuvuta kamba. Nikatoa bampa la chuma na bomba zito la moshi, nikafunga jepesi. Kazi ya kupunguza uzito ndiyo hiyo, unauliza kila chuma kinafanya nini pale, kisichojibu kinatoka.

Basi nikaanza kukuta maajabu. Nashuka jioni, betri imerudi mahali pake. Naitoa. Kesho yake bampa limerudi, na boliti zimekazwa vizuri kabisa. Nikajua ni baba, nani mwingine? Nilipomuuliza alikataa, akaniangalia kama nimemwita mwizi. Nikadhani ni ubishi wa mafundi wa zamani, maana siku zote alisema mashine haivuliwi nguo. Daktari alikuwa ametuambia kumbukumbu zake zinapungua, lakini mtu anayekaza boliti namna ile, utaaminije kwamba anaumwa?

Kisha siku moja nikakuta petroli imetapakaa sakafuni. Alikuwa ameurudisha mpira wa zamani wa mafuta niliokuwa nimeubadilisha, haukushika, na hita ya gereji ilikuwa inawaka. Nikazima hita haraka, nikapangusa sakafu. Nikafunga gereji kwa kufuli.

Hapo ndipo baba alipoanza kuisha. Alishuka kila asubuhi na kukaa juu ya ndoo mbele ya mlango ule. Chakula hataki. Nilikwenda kwenye maduka ya Waafrika ya Chaussée de Wavre kumtafutia sombe, yaani kisamvu, na samaki anaowapenda, akavisogeza pembeni. Jumapili hakutaka hata kuvaa viatu vya kanisani. Uchungu ukanishinda, nikafungua, nikaketi naye.

Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti kirefu nilichokiweka ukutani, akaanza kukipangusa. Nikamuuliza taratibu kwa nini anahangaika hivyo. Akanitazama vizuri, nikaona hanijui. Alidhani mimi ni mama mmoja wa huduma anayekuja kila asubuhi kumwogesha. Akasogea karibu, akashusha sauti:

"Maman, usiambie chef. Mutoto yangu wa mwanamuke njo fundi hapa. Anatosha vyuma mu mashini, anasahabu kuvirudisha. Donc minavirudishaka mimi. Bakijua, batamufukuza kazi."

Kwetu chef ni bosi, njo ni ndiye, na kutosha ni kutoa. Ndugu zangu, nililia pale pale, wala sikujificha. Miezi yote ile nilidhani ananiharibia kazi, kumbe mzee wangu ananilinda. Ameshanisahau uso, lakini kunihangaikia hajasahau. Akanipa kitambaa chake chenye grisi nijifute, akaniambia nisilie, yule mtoto ni mzuri, atajifunza.

Kaka yangu yuko mji wa Liège na mke na watoto. Nilipomsimulia kwenye simu, akasema: "Dada, siku ingine moto utawaka na weye uko kazini. Bon, nafasi iko kwenye nyumba ya wazee. Tusaini." Siwezi kusema ni mtu mbaya. Petroli ile niliiona kwa macho yangu. Kuacha kazi siwezi, na yule mama wa kuogesha anakuja asubuhi tu. Lakini kwetu mzazi hapelekwi kwa wageni, na kanisani watasema tumemtupa. Hata wasiposema, mimi mwenyewe nitasema.

Mteja anakuja Jumamosi kuchukua mashine yake. Imekuwa nyepesi, kamba ukiivuta mara moja inanguruma. Kwa sasa baba anashuka mimi nikiwepo tu. Namwachia achukue vyuma vya zamani avirudishe, nami navitoa akishalala usiku. Anakula tena. Jumamosi gereji itakuwa tupu, na Jumatatu kaka anakuja na karatasi, anataka sahihi yangu kando ya yake.

Nishaurini, nitie sahihi au nikatae? Na mkisema nitie, basi mniambie pia nitamjibu nini baba, siku nitakapokwenda kumtembelea kule, akinishika mkono na kuniuliza kama yule mtoto wake amefukuzwa kazi.