Sura Aliyoiandika Nekesa

Harufu ya poda ya watoto hunitia aibu mpaka leo. Mwaka huu nilifungua sanduku langu la bati nyumbani kwetu Kitale, na kabla sijaona chochote harufu hiyo ilinipanda puani, imechanganyika na vumbi la mahindi makavu. Nikajua kwamba lile daftari nene lenye jalada gumu bado limo, chini ya sweta za shule.

Nitawaambia ukweli wote. Nusu yake nimeshaisimulia mara nyingi na haijanisaidia.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa darasa la saba, niliandika hadithi ya mapenzi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kutoka kwa kurasa za magazeti zilizofungiwa sabuni dukani, na tamthilia za Kimeksiko kwa jirani aliyekuwa na televisheni. Kila ukurasa niliupigia pambizo kwa rula. Nikikosea herufi moja nilirarua karatasi nzima na kuanza upya. Nikimaliza sura niliinyunyizia poda, ili msomaji ajue ameingia mahali pa maana.

Shujaa wangu aliitwa Rafaelo. Alikuwa mjinga, na nasema hivyo bila hasira. Alikuwa na farasi mweupe, macho ya kijani ambayo sikuwahi kuyaona kwa mtu yeyote wa Trans-Nzoia, na kazi hakuwa nayo. Shughuli yake ilikuwa kumfuata msichana aitwaye Shanteli. Shanteli akisema hapana, yeye hucheka. Shanteli akienda kisimani, yeye yuko kisimani. Katika sura ya tatu alimnyang'anya kitabu chake cha sala, akakificha kifuani mpaka msichana atamke kwamba anampenda. Shanteli alizimia. Alizimia mara sita katika hadithi ile, na hakuna hata mtu mmoja aliyewaza kumpeleka hospitali. Kila akizinduka alikuwa anampenda Rafaelo zaidi.

Darasa zima lilisoma. Mmoja wa wasomaji alikuwa Denno, kijana mrefu aliyemtaka Nekesa, rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja. Denno aliisoma sura ya tatu kama mkulima anavyosoma maagizo kwenye gunia la mbolea. Kesho yake alimnyang'anya Nekesa daftari la sayansi, akaliingiza ndani ya sweta.

"Sema kwanza," akamwambia.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa umebaki wiki mbili, na maandishi ya mwaka mzima yalikuwa humo. Nekesa alisema hapana. Darasa, lililoijua sura ile kwa moyo, likaanza kupiga madawati likiimba, "Zimia! Zimia!" Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Kazi yangu ilikuwa imefika mbali.

Nekesa hakuzimia. Alinifuata kwenye foleni ya chakula cha mchana, githeri ya mahindi na maharagwe.

"Ciru, si wewe ndio uliandika? Andika ingine basi, mahali msichana anakataa na huyo kijana anaenda tu kwao. Denno anafuata chenye unaandika."

Nilimwambia hiyo haiwezi kuwa hadithi. Nani ataisoma?

"Mimi nitasoma," akasema.

Nilikataa. Nilikuwa nimefika ukurasa wa themanini bila kufuta hata neno moja, na sikutaka kuharibu. Akaniomba basi nimwachie daftari wikendi moja. Jumatatu alilirudisha na kurasa nne nyuma kabisa, zimeandikwa kwa penseli na kufutwafutwa mpaka karatasi ikatoka manyoya. Akasema hajamaliza, atamalizia wiki hiyo.

Nilizisoma mbele ya darasa, kwa sauti ya puani. Kijana wake aliitwa Wafula, fundi wa baiskeli pale Kimilili. Alimuuliza Naliaka kama wanaweza kwenda sokoni pamoja. Naliaka akasema atafikiria mpaka Jumamosi. Wafula akasema sawa, akarudi kwenye mnyororo wake. Jioni aliunguza ugali kwa mawazo, dada yake akamcheka. Basi.

"Huyo ni mwanaume ama ni kuku?" Denno akauliza, na mimi nilicheka kuliko wote. Nekesa alikuwa akitazama dawati lake.

Aliufanya mtihani wa sayansi bila daftari na akaanguka. Januari baba yake alimpeleka kwa shangazi yake, Bungoma, abadilishe shule. Watu wakiniuliza habari zake huwa nasema alihamia Bungoma, kana kwamba upepo ulimchukua.

Siku hizi bado nasoma hadithi za mapenzi za vijana, na Rafaelo bado yumo. Farasi amebadilishwa kuwa pikipiki. Bado anafuata, bado ananyang'anya, na waandishi waliosoma kuliko mimi wananiambia hayo ndiyo mapenzi yanayowaka. Nawadharau, maana nawafahamu. Wanaogopa kumwachia msichana jibu lake, kwa sababu hawajui kama kijana waliyemtengeneza angechaguliwa na mtu mwenye ruhusa ya kukataa. Mimi pia niliogopa.

Juzi nilikaa sakafuni kando ya sanduku nikazisoma zile kurasa za penseli. Katika ukurasa wa nne ni Ijumaa. Naliaka anafua gauni lake la bluu, anacheka peke yake, hajaamua. Wafula anatia mafuta mnyororo, na hajui. Niligeuza karatasi haraka kuona atajibiwa nini. Katika kurasa zangu themanini hakuna hata mmoja niliowahi kuugeuza namna ile.

Upande wa pili palikuwa patupu. Jumamosi Nekesa hakuiandika.