Fundi wa Kukata Transista

Hasna hakuingia darasani hata siku moja, ndiyo maana maandishi hayakuweza kumdanganya. Wanunuzi wengine hapa Guangzhou, China, husoma namba iliyochapwa mgongoni mwa transista, wakaridhika. Yeye huchukua moja katika kila mfuko, akaikata kofia yake ya chuma kwa tupa, akachungulia ndani. Kipande cha silikoni kikiwa kipana, mzigo ni wa kweli. Kikiwa kidogo kama chawa, ni feki, na amplifaya ya mtu itaungua harusi ikiwa katikati. Njia hiyo aliivumbua mwenyewe, katika kibanda kisicho na dirisha.

Siku Abubakary, mwenye duka la vipuri, alipokuja kutoka Dar es Salaam kutafuta fundi wa kwenda kufundisha wafanyakazi wa duka lake, Murshid, mume wa Hasna, alikivuta kigoda cha mkewe, akakikalia, akashika tupa na kutaka apigwe picha. Hasna akasimama nyuma na birika la chai.

Cyrille, jirani yao wa kibanda kutoka Lubumbashi, akamnong'oneza Hasna. "Mama Swalha, hii niliisoma chuoni. Transista ya kwanza, kule Amerika, waliitengeneza wawili. Picha ilipopigwa, bosi wao ndiye aliyekaa mezani, wao wakasimama nyuma. Na kwenye hati ya uvumbuzi jina la bosi halimo!"

"Wakafanya nini hao wawili?"

"Mmoja aliacha kazi, akaenda zake. Mwingine aliomba ahamishwe."

"Basi pasipoti zao hazikufungiwa."

Ya Hasna imo ndani ya sefu, ufunguo uko shingoni mwa Murshid. Visa yake ni ya mke wa mfanyabiashara. Mume asipotia sahihi, hana visa. Miaka sita hajakanyaga kwao Unguja. Akaweka birika chini.

"Kaka Abubakary, fundi ni mimi."

Murshid akaangua kicheko. "Mama Swalha ana utani huyu! Jina lake tu hajui kuliandika."

Hilo lilikuwa kweli, na Abubakary hakuuliza la pili. Murshid akapanda ndege kwenda Dar kufundisha.

Siku ya tatu simu ya Hasna ikalia. "Nimeikata transista," Murshid alisema chinichini. "Hiki cha ndani ni kikubwa au kidogo?"

"Nitajuaje, Baba Swalha? Mimi si mtu wa utani?"

"Visa yako inaisha mwezi ujao. Au umesahau?"

"Kilinganishe na ukucha wa kidole chako cha mwisho. Kisipofika nusu yake, feki."

Kisha mumewe akapaza sauti: "Feki hizi, waungwana!" Watu wakapiga makofi. "Fundi ndiye huyu!" akasema Abubakary.

Murshid alikuwa amesahau kukata simu. Hasna aliwasikiliza mpaka wakaitana kwenda kula, ndipo akaizima, akavuta mfuko mwingine uliokuwa unangoja kwenda Dar kwa jina la mumewe, akatoa transista moja, akaanza kuikata.