Usiitike Gudini

Nilipokuwa mtoto, kabla hatujarudi Kigali, tuliishi uhamishoni kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yangu, Gasana, alifanya kazi kwenye gudi la mawe, shimo refu ambamo meli iliingizwa, maji yakatolewa, mafundi wakashuka kuikarabati. Nililichukia shimo lile. Hata jua la mchana halikufika chini.

Bibi, mama yake baba, alisema ziwa likifukuzwa mahali pake halisahau. Hukaa nyuma ya mawe likijifunza majina ya watu.

"Huko chini mutu akikuita, usiitike mpaka umuone uso," alituonya.

Baba alicheka tu. Yeye alitulea Kinyarwanda hasa: ukiitwa, unajibu "Karame!" papo hapo, kumtakia aliyekuita maisha marefu. Kukawia ni dharau.

Mchana mmoja mimi na bibi tulimpelekea chakula. Wenzake walikuwa wameshapanda juu kula. Yeye alibaki peke yake chini, akikwangua kutu. Sote tulisikia, "Gasana!" Sauti ya kike, ya upole, kutoka ukutani.

"Karame!" baba akajibu, kisha akageuka huku na huku kumtafuta aliyemwita.

Bibi alikaa pale pale kwenye ngazi. Meli ilipotolewa gudini kujaribiwa ziwani, baba alikuwamo. Ilirudi bila yeye, na hakuna aliyeona alivyoanguka.

Siku hizi gudi lile ni eneo la kihistoria linalolindwa. Wameweka uzio na kibao, na ni marufuku kung'oa hata jiwe moja. Juzi mwanangu Ngabo alikwenda kulitazama, akanipigia simu ya video nikiwa jikoni kwangu Niboye, hapa Kigali.

"Mama, huku chini iko baridi sana! Unaniona?"

Nilimwona vizuri, ametabasamu, kimya, akingoja nijibu. Ndipo nyuma yake nikasikia, "Umutoni!" Ni jina langu, na ilikuwa sauti ya baba.

Nilijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili nisiitike.

"Panda juu, Ngabo. Panda sasa hivi!"

Alipanda akinung'unika. Amerudi salama, na hunitania kwamba uzee umeniingia. Labda ni kweli. Sijui nilisikia nini. Ninachojua ni kwamba nilimpenda baba kuliko mtu yeyote, na aliponiita sikuitika. Bibi angenisifu. Lakini nikiwa peke yangu jikoni, neno lile hunijia mpaka kwenye ulimi, karame, nami hulimeza.