Ziwa Nililoonyeshwa kwa Kidole

Watoto wa siku hizi ukiwaambia twende ziwani, wanauliza kwanza kama kuna mtandao. Sisi tuliokulia Maguu kabla ya lami, kwenda ziwani ilikuwa ahadi, tena yenye masharti. Sharti langu lilikuwa kipaimara. Baba alisema nikishakipata atanipeleka Mbamba Bay nikaoge Ziwa Nyasa, nami sikuchelewa, nikatangazia darasa zima.

Tuliondoka asubuhi, baba, dada yangu Zita na mimi, kwa Landrova iliyonuka maganda ya kahawa mwaka mzima. Badala ya kushika barabara kubwa, baba akakata njia ya mlimani ya kupitia Kingerikiti.

"Barabara kubwa kila mtu anajua bei," alisema. "Huku juu bado watu wanasikilizana."

Njia yenyewe, sikatai, ilikuwa nzuri ya kukera. Ukungu umelala mabondeni, ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia, zimetoboa mashamba mlima mzima, baridi inauma masikio. Lakini nani alitaka mandhari? Mimi nilitaka maji. Baba alisimama kila kona penye mtu aliyeweka kitu chini: maharage, kisha asali, kisha jogoo aliyetutazama kama sisi ndio tunauzwa. Kwenye ndizi akahesabu mkungu kutoka juu, halafu akauhesabu tena kutoka chini.

"Baba, unanunua ndizi au unafanya sensa?" mama mwenye ndizi akamuuliza.

"Mama yangu, kutoka chini zimepungua. Na wewe nipunguzie."

Zita akacheka. Mimi nilikuwa naangalia jua.

Mchana ulishageuka tulipofika kona ambapo mlima unakatika ghafla. Chini kule, mbali, ziwa lote limetandazwa, bluu, mpaka milima ya ng'ambo. Baba akazima injini, akanyoosha kidole.

"Haya, ziwa lile. Umeliona?"

"Nimeliona, baba. Tushuke."

"Tushuke tukafanye nini? Hapa unaliona lote. Kule chini utaona kipande."

"Uliniahidi kuoga!"

"Kushuka, hata tenga linashuka. Kupanda tena na mzigo huu, utasukuma wewe?"

Basi nikafanya kama alivyonilea: nikapatana. Niliomba kona tano, akanipa moja. Tukashuka hiyo moja, na kilima kikaliziba ziwa zima. Hata lile la kidole nikalikosa.

"Unaona sasa?" baba akasema, huku akigeuza gari. "Ungeuliza kwanza kona hiyo inaonyesha nini."

Jumatatu shuleni wakaniuliza maji yalikuwaje. Nikasema, "Bluu."

Leo baba hayupo, njia yake ya mlimani inapitiwa na wenye pikipiki na mbuzi, na lami imefika mpaka Mbamba Bay. Wanangu wanateremka milima yote wameinamia simu. Kona ile nawaonyesha kwa kidole, kule juu kwenye njia ya zamani, wanasema "mm". Tukifika wanaruka majini, na kabla sijamaliza kukunja suruali wameshatoka, wanatetemeka, wanadai chaji inaisha.

"Baba, tumeshaoga. Twende nyumbani."

"Rudini majini."

"Jamani baba, si tumeshaoga!"

"Mmeoga sehemu yenu," nawaambia. "Bado ya kwangu."