Kisanduku Kilichohesabu Breki Zangu

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, fundi wa umeme wa magari alifunga waya wa mwisho chini ya dashibodi ya pikapu yangu, akapangusa mikono na kusema, "Tayari. Kuanzia sasa inakuona."

Niliandika saa hiyo kwenye daftari. Kilichokuwa kikiniona kilikuwa kisanduku cheusi, kidogo kama pakiti ya majani ya chai. Hakikuwa na taa wala sauti. Kazi yake ilikuwa kukumbuka kasi ya gari na kila breki kali niliyokanyaga, kwa miezi mitatu. Kila mwisho wa mwezi kingesomwa kwa kompyuta katika ofisi ya wakala wa bima, nyuma ya msikiti wa mjini Machakos, nami ningepewa alama juu ya mia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, na mimi nilikuwa fundi wa mizani. Kazi hiyo nilijifunza peke yangu, kutoka vitabu vya mitumba na mizani mibovu. Siku za soko nilienda Masii na Muthetheni, na mara moja kwa mwezi Ndithini, kurekebisha mizani ya wenye maduka na wauza nyama. Mawe yangu ya kupimia yalikaa nyuma ya pikapu ndani ya sanduku la mbao. Bila pikapu sikuwa na kazi.

Bima kubwa, ile inayokulipa hata gari lako likipinduka wewe mwenyewe, ilikuwa shilingi elfu ishirini na nne kwa mwaka. Mwaka ule nilikuwa na elfu kumi na nane, na sikuona zingine zingetoka wapi. La sivyo ningeshuka hadi bima ndogo, inayomlipa uliyemgonga na kukuachia wewe vyuma vyako. Ndipo wakala akaniambia habari ya kisanduku. Wakala huyo alikuwa mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilinifanya nichague maneno.

"Mzee wangu, masharti ni mepesi," alisema. "Kila mwezi unaanza na mia. Breki kali moja, alama moja chini. Ukipita kasi ya themanini, alama mbili chini. Wastani wa miezi mitatu ukifika themanini, tunakupunguzia robo."

Robo ya elfu ishirini na nne ni elfu sita. Zilibaki elfu kumi na nane kamili.

"Na nikianguka?"

"Chini ya sitini unaongeza sehemu ya kumi. Lakini wewe, kwa unavyoendesha pole pole vile? Punda wanakupita."

Nililipa elfu moja na mia tano za kufungiwa kisanduku, na sikuwa na wasiwasi. Miaka kumi na mitano sikuwa nimegonga hata kuku.

Mwezi wa kwanza nilipata hamsini na saba.

Karatasi ilisema sikupita kasi hata mara moja, ila nilikanyaga breki kali mara arobaini na tatu. Nilimwambia wakala kwamba kisanduku chake ni kibovu. Alinitazama juu ya miwani. "Mizani ikimwambia muuza nyama kwamba anapunja, yeye husemaje?"

"Husema mizani ni mbovu."

"Haya basi."

Mizani usiyoiamini unaijaribu kwa jiwe unalolijua uzito. Nikachukua kijikaratasi cha masharti nilichopewa na kampuni. Kilisema breki ni kali ikiwa mwendo unapungua kwa zaidi ya kilomita kumi kwa saa ndani ya sekunde moja. Nilipiga hesabu hiyo jioni mbili. Kisha nikachukua kopo angavu la plastiki, la mraba, lenye upana wa sentimita kumi, nikalijaza maji nusu na kulifunga juu ya dashibodi. Kwa hesabu yangu, breki ya namna hiyo ingepandisha maji upande wa mbele wa kopo kwa milimita kumi na nne. Hapo nikachora mstari kwa wino mwekundu. Kwenye miteremko maji yalidanganya, lakini mahali tambarare yalisema kweli.

Siku ya soko nilienda Masii na mke wangu, yeye akiwa na penseli.

"Baba watoto," aliniuliza, "watu wakiuliza haya maji ni ya nini, niseme tunabatiza gari?"

"Wewe andika. Maji yakigusa mstari, andika sababu."

Hadi Masii maji yaligusa mstari mara tisa. Nilisoma orodha yake tukiwa tumeegesha kando ya soko: "Mbuzi. Mzee wa kanisa. Mama wa maharagwe. Shangazi yako. Mwalimu na baiskeli. Mtu hatumjui lakini alikuwa na mzigo. Shangazi yako mwingine. Mzee alitaka tu kusalimia. Fundi wa viatu."

Mbuzi mmoja, watu wanane.

Asiyetoka kwetu huenda akashangaa. Kwetu huwezi kuwa na gari na kumpita mtu unayemjua, hasa mwenye mzigo. Naye hakai barabarani kukungoja. Anatembea kwenye kijia chake katikati ya mahindi, anasikia gari, analijua kwa mlio, kisha anachomoza ghafla kando ya barabara, mkono juu. Wewe unasimama pale pale alipo. Sikuwa nimewahi kuhesabu kitendo hicho, kama vile mtu hahesabu mara anazopepesa macho.

Hesabu iliyobaki ilikuwa rahisi. Wastani wa themanini kwa miezi mitatu ni jumla ya mia mbili na arobaini. Nilikuwa na hamsini na saba. Miezi miwili iliyobaki ilinidai mia moja themanini na tatu: tisini na mbili na tisini na moja. Breki nane mwezi wa pili, tisa mwezi wa tatu, basi.

Sikutaka kuwapita watu. Nilitafuta njia nyingine, na nikadhani nimeipata. Mtu akichomoza, ningepunguza mwendo taratibu hadi gari lisimame lenyewe, mita hamsini au sitini mbele, kisha ningerudi nyuma kumchukua. Kisanduku hakikuwa na neno na kurudi nyuma. Nilisoma masharti mara tatu kuhakikisha.

Wiki ya kwanza niliona fahari. Wiki ya pili, karibu na Muthetheni, nilimpita mzee mmoja mwenye gunia la mbaazi, nikasimama mbali, nikarudi nyuma pole pole huku nikitoa kichwa dirishani. Alikuwa amepanda juu ya ukingo wa barabara, gunia ameliacha chini.

"Panda, mzee."

"Endelea tu."

"Si unaenda soko?"

"Ninaenda. Lakini nitangoja gari iko na breki."

"Breki ziko! Ni nzuri sana!"

"Nimeona," alisema. "Nimeziona zikipita."

Nilimweleza habari ya kisanduku. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha akauliza, "Kwa hivyo umelipa pesa usitumie breki?"

Tangu siku hiyo ilijulikana Masii na Muthetheni kwamba gari la fundi wa mizani halina breki na mwenyewe ameona haya kusema. Muuza nyama mmoja, mteja wangu wa miaka, alinivuta kando na kunong'ona kwamba ana shemeji makanika anayekubali kulipwa kidogo kidogo. Mimi, niliyekuwa naendesha kwa usalama kuliko mtu yeyote katika wilaya ile, nilibaki natembea na pikapu tupu, maana watu walikuwa wakisikia mlio wangu wanarudi ndani ya mahindi.

Hilo ningelivumilia. Lakini kulikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe wangu aliishi kabla ya kufika Masii, na siku za soko nilimchukua. Sisi Wakamba tuna nthoni, heshima kali kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamgusani, hamtazamani usoni, hamketi bega kwa bega. Kwa hiyo mke wangu akiwepo alikaa katikati yetu. Asipokuwepo, mama alipanda nyuma, kwenye kigoda nilichokifunga kwa kamba kando ya sanduku la mawe, akakaa huko wima kama hakimu. Miaka yote hiyo nilisimama mahali pamoja, mlango wa nyuma ukiwa sawasawa na miguu yake, ili asipige hatua ya ziada. Hatukuwa tumezungumza maneno mia moja tangu harusi, lakini kwa kusimama huko tulikuwa tumeambiana mengi.

Mwisho wa mwezi wa pili, nikiwa peke yangu, nimeshatumia breki zote nane, alichomoza mapema kuliko mahali petu pa kawaida. Alikuwa na kikapu cha mayai. Nilifanya kama nilivyokuwa nimejizoesha. Nikampita. Nikaenda mita sitini. Nikaweka gia ya nyuma.

Nilimwona kwenye kioo. Alisimama kidogo, akaiangalia pikapu ikimjia kwa mgongo, akakumbatia kikapu na kuingia kwenye mahindi. Nilikaa pale dakika kumi na moja. Hakutoka.

Jioni mke wangu alirudi kutoka kwao. Hakuweka hata mkoba chini.

"Mama amenituma. Anasema, mwambie mkwe wangu, akitaka kunikimbia akimbie mbele. Asinikimbie kinyumenyume."

"Nilikuwa namrudia!"

"Kwa matako ya gari?"

Kwa nthoni yetu hata mgongo wangu mwenyewe sikupaswa kumwelekezea, sembuse mgongo wa tani moja.

"Umepata alama ngapi?" aliuliza baadaye, tukila.

"Tisini na mbili."

"Hongera," alisema, akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Nilipeleka mbuzi. Alikuwa wa zizi langu mwenyewe, lakini sokoni angeleta elfu mbili na mia mbili, kwa hiyo nimemwandika kwa bei hiyo. Niliongeza leso na sukari, mia sita na hamsini. Ndugu ya mama mkwe alinisemea, kama desturi inavyotaka, na mimi nikakaa nje nikitazama miguu yangu. Mbuzi alipokelewa. Jibu lililoletwa lilikuwa fupi: mama amesamehe, ila gari hatapanda tena mpaka lisimame kama zamani. Atatembea. Ana miguu.

Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na kutoka kwake hadi soko ni saa nzima juani.

Mwezi wa tatu niliendesha kwa hesabu kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Mbuzi wawili, lori moja, mtoto na gurudumu lake. Siku za soko nilimwona mama mkwe mbele akitembea kando ya barabara na kikapu chake. Hakuinua mkono, nami nilimpita taratibu nikitazama mbele. Zilipobaki siku tatu, breki tisa zote zilikuwa zimekwisha. Wastani wangu ulikuwa themanini kamili, bila hata punje ya ziada.

Ilikuwa siku ya soko. Mke wangu alikuwa kando yangu, kopo la maji mbele yetu. Tulipokaribia kwao, mama mkwe alichomoza kwenye mahindi, mahali petu pale pale. Mkono haukuwa juu. Alikuwa amesimama tu na kikapu, anatazama upande mwingine, kama mtu asiyengoja kitu.

Mke wangu alifunika kopo kwa kiganja.

Nilikanyaga. Pikapu ililia, mawe ya kupimia yakagonga ubao, maji yakapita katikati ya vidole vya mke wangu na kumlowesha hadi magotini. Vumbi lilipotulia, mlango ulikuwa sawasawa na miguu ya mama.

Mke wangu alihamia katikati. Mama alipanda, akapanga kikapu mapajani, akavuta leso mabegani. Ilikuwa ile leso mpya. Tulikwenda kama kilomita mbili.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, akitazama nje, "mwambie mwenye gari hizi breki alizotengeneza ni nzuri."

Mke wangu alicheka hadi akashika dashibodi. Mimi nilitazama barabara, kama heshima inavyotaka, ila shavu langu lilikuwa linanisaliti.

Ijumaa nilienda ofisini tayari kwa bima ndogo. Wakala alisoma kisanduku, akachapa karatasi. "Mwezi wa tatu tisini. Wastani themanini. Hongera, mzee wangu."

"Si themanini," nilisema. "Hamsini na saba, tisini na mbili, tisini. Ni mia mbili thelathini na tisa. Gawanya kwa tatu. Ni sabini na tisa na theluthi mbili."

"Kompyuta imeandika themanini."

"Mizani ikifanya hivyo, mimi huifungia."

Aliweka kalamu chini. "Ninawajua watu wanaokuja hapa kugombania nyongeza. Wewe ni wa kwanza kugombania punguzo lisikuingie." Akafungua mkataba wangu, akaweka ukucha wake wenye hina kwenye ukurasa wa mwisho. Hapo paliandikwa kwamba wastani utaandikwa kwa namba kamili iliyo karibu zaidi. Nilikuwa nimesoma masharti mara tatu nikitafuta neno la kurudi nyuma, na hilo sikuliona.

Nililipa elfu kumi na nane, nikabandika stika mpya kwenye kioo. Kisanduku kiliondolewa garini siku hiyo hiyo, na wakala aliponiuliza kama nitakitaka tena mwaka ujao, nilimwomba anipe muda nipige hesabu. Niliipiga usiku huo kwenye daftari lile lile. Punguzo, elfu sita. Kutoa kisanduku, elfu moja na mia tano. Kutoa mbuzi, elfu mbili na mia mbili. Kutoa leso na sukari, mia sita na hamsini. Kutoa petroli niliyoichoma nikirudi nyuma, ambayo nilikadiria kuwa shilingi tisini. Faida ya miezi mitatu ya kuendesha vizuri: shilingi elfu moja, mia tano na sitini.