Umepima?

Tangu asubuhi Athanase hakuweza kutulia. Dhoruba iliyoshuka jana yake kutoka upande wa Bogoro ilikuwa imeangusha mikaratusi juu ya nyaya za Bunia, na yeye, fundi mkongwe wa laini za umeme, alijua vema kwamba mtaa wake mwenyewe ungewashwa mwisho. Ndivyo kazi inavyokwenda: hutengenezwa kwanza laini kubwa, kwa maana bila hiyo mengine yote ni bure, kisha hospitali na pampu ya maji, kisha mitaa yenye watu wengi. Vichochoro kama chake, ambako waya mmoja hulisha nyumba chache tu, husubiri.

Lakini frigo, jokofu la mkewe Musoki, ilijaa samaki wa kuuza kutoka Tchomia, mtaji wake wote. Kila Athanase alipokaza boliti, aliwaona wale samaki wakilegea.

"Baba Alliance," mwenzake Delphin alimwita kwa jina la mwanawe kutoka chini ya nguzo ya hospitali, "unakaza ama unapiga mbio?"

"Nyamaza, unipe koleo."

Walipofika mtaani kwake, jua lilikuwa limeanza kuinama. Majirani walijaa barabarani, miguu ikizama matopeni, wakawapokea kwa kelele na vicheko.

"Fundi wa kuran ya umeme mwenyewe analala mu giza!" Mama Agathe, jirani wa mkabala, alimtania. "Siye wengine tutamulilia nani?"

"Munililie miye, mama. Niko napanda."

Delphin alikwenda kuzima swichi kwenye kabina ya transfoma iliyo mwisho wa barabara. Aliporudi, Athanase alikuwa tayari juu ya nguzo, glovu moja ameivua ili ashike vizuri boliti ndogo. Akanyoosha mkono mtupu kuelekea waya.

"Umepima?" Delphin akauliza.

"Si umezima mwenyewe?"

"Nimeuliza kama umepima."

Athanase alisonya. Akachomoa kipimo kiunoni, akakisogeza kwenye waya kwa hasira, kama mtu anayemridhisha mzee msumbufu. Kipimo kikalia. Akakisogeza tena, kikalia tena, taa yake nyekundu ikiwaka.

Aliurudisha mkono kifuani polepole sana. Kabina ilikuwa imezimwa. Basi umeme ule ulipanda kutoka chini, kutoka nyumba mojawapo.

"Nani amewasha grupu?" Delphin akapaza sauti.

Kelele zikakatika, na ndipo wote waliposikia jenereta ndogo ikikoroma nyuma ya nyumba ya Athanase.

Musoki akatokea, mikono imelowa. "Ni miye. Nimeikodi kwa Kamate. Samaki walikuwa wanaharibika, na weye haupokei simu."

"Umeiunga namna gani?"

"Na ule waya wa vichwa mbili. Kichwa kimoja ku grupu, kingine mu ukuta, nyumba yote ipate."

"Na swichi kubwa ya nyumba, uliishusha?"

Musoki akatikisa kichwa. Umeme uliolisha frigo yake ulikuwa umetoka nje kupitia mita, ukapanda hadi kwenye nguzo.

"Zima," Athanase akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na samaki?"

"Mama Alliance, zima."

Musoki akainua macho, akauona mkono ule usio na glovu. Akakimbia.

Waya uliungwa, swichi ya kabina ikarudishwa, redio zikalipuka kila upande na watoto wakapiga vigelegele. Athanase aliingia ndani. Musoki alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye frigo iliyoanza kunguruma, ule waya wa vichwa viwili mapajani.

"Haukuvaa glovu," akasema.

"Sikuvaa. Nilikuwa na haraka."

"Juu ya samaki."

"Juu ya samaki."

Athanase akaketi karibu naye. Huko nje Delphin alipiga honi: kulikuwa na mtaa mwingine bado. Athanase alibaki pale pale. Honi ikalia tena, ndefu zaidi. Musoki akamshika ule mkono uliokuwa bila glovu, akaukaza, na hakuna aliyefungua frigo kutazama samaki.