Imewekwa, Haijakwenda

Nilikuwa dukani napima misumari, simu ikaita. Ilikuwa asubuhi, wateja wamejazana kaunta, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Nikaibana simu kwa bega, mkono mmoja ukiwa bado kwenye mizani.

"Shemeji," alisema mke wa kaka yangu, "kompyuta inaongea peke yake na kaka yako hajibu."

Nyuma ya sauti yake niliisikia ile mashine ikiropoka, maneno yanagongana kama kokoto ndani ya debe. Kaka yangu alikuwa haoni. Kompyuta ndiyo iliyomsomea kila kitu, na hakuwahi kuiacha iseme ovyo. Aliinyamazisha kwa kidole kimoja hata katikati ya neno.

"Mguse," nikamwambia.

"Nimemgusa."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mteja akataka kujua kama kilo yake imetimia. Nilimwambia achukue yote.

Nilipofika, majirani walikuwa wameshamlaza kitandani na kumfunika shuka. Kaka mkubwa, ambaye ndiye mzee wetu tangu baba alipofariki, alikuwa uani na simu sikioni: wachimba kaburi, sanda, muoshaji. Alipomaliza akaingia ndani.

"Baada ya alasiri tunazika," alisema. "Hakuna cha kungoja."

"Na mtoto je?" shemeji akauliza.

"Mpigieni."

"Hana simu."

"Binadamu gani siku hizi hana simu?"

"Wa kwenu," shemeji akamjibu. "Mtoto wa mdogo wako."

Tulikuwa tunajua wote, ila katika kuchanganyikiwa kule kila mtu alikuwa amesahau. Binti yao wa pekee, ambaye baba yake alimwita Waziri kwa sababu ya kutoa amri tangu hajaota meno, anafanya kazi za ndani nchi ya mbali. Siku aliyofika, mwenye nyumba alichukua simu yake "aitunze", na ndiyo ilikuwa kwaheri. Lakini mtoto anayemlea ana kompyuta ya masomo. Mchana, mtoto akilala, Waziri huifungua haraka akamwandikia baba yake barua pepe. Anwani yake hatukuwa nayo. Ilikuwa ndani ya mashine ya marehemu, basi.

Nikaona jinsi mambo yatakavyokuwa. Tutamzika, tutakaa matanga, tutatawanyika, na yule mtoto ataendelea kumwandikia baba yake, kumuuliza habari za dawa, kumkasirikia kwa kutojibu. Hatamwombea dua ya mfu, kwa maana hatajua kwamba ni mfu.

"Nipe hadi alasiri," nikamwambia kaka mkubwa.

"Alasiri ndiyo tunatoka. Simweki mtu njiani kwa Mola wake kwa ajili ya kompyuta."

Nikakaa kwenye kiti cha kaka. Mbele yangu hakukuwa na kitu cha kutazama. Kioo cha ile kompyuta kilikuwa kimekufa tangu alipoinunua. Muuzaji aliona haya akampunguzia bei, kaka akamcheka: "Kioo cha nini, ndugu yangu? Ninyolee ndevu?"

Kaka alikuwa mchapaji. Kabla ya presha ya macho kumpata alikaa kwenye kibanda cha huduma za uandishi, akiwachapia watu maombi ya kazi, mikataba ya nyumba na kadi za harusi. Alichapa akikutazama wewe usoni na kukusaili habari za nyumbani kwenu. Basi macho yalipoondoka, vidole havikuambiwa. Viliendelea na kazi. Kilichomvunja moyo ni barua za mwanawe. Kurasa za barua pepe zilikuwa zinabadilika kila mara, na mashine ilimsomea tangazo la mikopo kabla ya salamu ya Waziri. Akawa anakwenda kwenye duka la mtandao asomewe na kijana wa zamu. Siku moja Waziri aliandika kwamba amepigwa. Yule kijana akaisoma kwa sauti, watu wamejaa foleni ya kutoa nakala. Kaka alirudi nyumbani akiwa amekunja uso, akaniambia, "Barua ya mwanangu nitaisoma mwenyewe au nisiisome kabisa."

Alikuwa na programu ya kuandikia, ya maandishi matupu, isiyo na picha wala mahali pa kubofya. Alikuwa amesikia kwamba barua pepe zinaweza kuingizwa humo humo, zisomeke kama maandishi mengine. Mimi nilikuwa namsomea maelekezo kutoka kwenye simu yangu, yeye anachapa. Shida ilikuwa mabano. Maelekezo yale yote yamejengwa kwa mabano ndani ya mabano, na ukisahau kufunga moja, kitu chote kinagoma. Kaka akaweka mabakuli mawili mezani na maharage. Akifungua bano, anahamisha harage moja kwenda bakuli la kushoto, akifunga, analirudisha. Mwisho bakuli la kushoto likiwa na harage, amekosea.

"Naomba maharage yangu nipike," shemeji alikuwa akimwambia.

"Subiri, kuna mawili hayajafungwa."

"Basi mtakula mabano."

Mabano yalipokaa sawa, neno la siri likakataliwa. Tulijaribu, likakataliwa, tukajaribu. Nilimsikia akilia chooni amefungulia bomba. Akitoka anatia udhu, anaswali rakaa mbili, anarudi kitini. Tulikuja kugundua kwamba linatakiwa neno la siri jingine, la programu peke yake. Barua ya kwanza ilipoingia, mashine ikaanza kusema "Baba mheshimiwa", kaka akainyamazisha.

"Toka nje, mdogo wangu," akaniambia. "Hii si yako."

Nilitoka. Nilifurahi kutolewa nje.

Kwa hiyo vitufe kadhaa nilivikumbuka, maana alivipanga mwenyewe kwa Kiswahili chetu: b ya barua, a ya andika, t ya tuma. Hata majibu ya mashine aliyaandika upya, isimjibu kigeni ndani ya nyumba yake. Tabu ilikuwa kasi. Alikuwa ameizoesha kusema upesi hata mimi nasikia tu mlio, na sikujua inapunguzwaje. Nikabonyeza a. Ikasema kitu. Nikaandika jina la Waziri, anwani ikajileta yenyewe. Kwenye kichwa cha barua sikujua niweke nini. Nikaandika "Baba yako". Halafu nikaandika kwamba ni mimi baba yake mdogo, kwamba baba yake amefariki asubuhi, kitini, bila mateso, na kwamba tunamzika alasiri. Nikabonyeza t.

Mashine ikasema neno moja.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Imekwenda."

Shemeji alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. "Haijakwenda," alisema.

"Si imesema imekwenda?"

"Imesema imewekwa. Mimi nalala na hiyo sauti, shemeji. Imewekwa ni imewekwa foleni. Imekwenda huja baadaye, akishaweka bando."

Ningeondoka pale na kumzika ndugu yangu nikiamini nimemwambia mwanawe. Nikawasha mtandao wa simu yangu, nikaunganisha. Nikakumbuka sasa: n, ya nenda. Nilipoibonyeza, mashine iliuliza kwanza, na shemeji akanitafsiria kama mkalimani wa mahakamani.

"Foleni, barua mbili. Moja, Viatu. Mbili, Baba yako."

"Viatu?"

"Ya kwake. Aliiandika jana."

Herufi n hupeleka zote. Labda palikuwa na njia ya kuizuia ile ya kwanza, ila nikibahatisha ningeweza kuifuta, au kuifuta yangu. Nikamtazama shemeji.

"Atapata barua ya baba yake na ya msiba wake kwa pamoja," nikamwambia.

"Ni barua ya baba yake. Huwezi kuificha wala huwezi kuisoma. Peleka."

Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Mashine ikasema mara mbili, na safari hii hata mimi nilisikia: imekwenda, imekwenda.

Nikaitwa kumwosha. Nilimshikilia kaka kichwa, muoshaji akimmwagia maji. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kidogo, kama vinangoja herufi, na muoshaji alivinyoosha kimoja kimoja kwa upole. Tulikuwa tunamfunga sanda, mara shemeji akagonga ukuta kutoka chumba cha pili.

"Barua!"

Nilikimbia mikono ikiwa imelowa. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Mashine ilikuwa imeshaanza kuisoma, na shemeji alikuwa ameinama kuielekea, midomo inaifuata.

"Baba mheshimiwa," alisema, "viatu nimevipata. Vinabana kidole cha mwisho, lakini vitalegea. Dawa umekunywa? Usinidanganye, nitajua, mimi ni Waziri."

Shangazi mmoja, ambaye masikio yake si mazuri, akauliza, "Kwa hiyo ameshajua?"

Shemeji akajifunika uso. Nikaelewa nilichofanya. Barua zote mbili zilitoka kwa Baba. Moja kichwa chake ni Viatu, nyingine ni Baba yako, maneno yale yale kaka aliyokuwa akimalizia kila barua. Mtoto ameona utani wa baba yake, akaanza na viatu.

Adhana ya alasiri ikasikika. Kaka mkubwa akatokea mlangoni.

"Jeneza linatoka."

"Bado hajasoma," nikamwambia. "Kaka, tafadhali. Amejibu ya viatu."

"Viatu gani?"

Nikamweleza. Alisimama, kofia mkononi. Nilitegemea aseme lile alilosema asubuhi. Badala yake akavua makubazi, akaingia katikati ya wanawake, akakaa chini karibu na kompyuta, mtu mzima yule, akaitazama mashine yenye kioo kilichokufa kama mtu anayetazama mgonjwa. Nje watu walikuwa wanajipanga. Imamu alituma mtu kuuliza. Kaka mkubwa akamjibu, "Dakika." Baadaye akatumwa mwingine, naye akajibiwa vile vile. Mimi nilikuwa nasoma Yasini kimoyomoyo, nikakosea, nikaanza upya.

Mashine ikasema. Ilikuwa fupi.

"Inasema nini?" kaka mkubwa akauliza.

Shemeji alingoja hadi imalize, kisha akasema pole pole, maneno ya mwanawe, bila kuyumba:

"Baba mdogo, nimesoma ya pili. Nilidhani ni yeye. Msimsubirishe kwa ajili yangu, mzikeni. Mama asilale peke yake. Mwambieni baba kwamba Waziri ametoa ruhusa. Mtoto ameamka, nafunga."

"Rudia," kaka mkubwa akasema, na shemeji akarudia. Kaka mkubwa akapangusa uso kwa ile kofia, akaivaa. "Haya. Twende."

Tulimswalia msikitini baada ya sala ya alasiri, safu zikafika hadi nje. Tukambeba kwa kupokezana. Makaburini niliingia kaburini mimi na watoto wawili wa kaka mkubwa, tukampokea, tukamlaza ubavu wa kulia akielekea kibla, tukafungua vifundo vya sanda. Nilimwambia maneno ya Waziri sikioni, kama nilivyoagizwa. Tukapanga mbao, nikapanda juu. Watu wakafukia, kila mmoja kwa zamu, wakaweka alama kichwani na miguuni. Kaka mkubwa akamwagia maji. Imamu akasoma dua, tukaitikia amina, na jua likiwa bado lipo watu wakaanza kuvaa viatu na kuondoka.